Wanasheria waliotangulia, na mtoto wa Tarime anayetaka kuwa wakili

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti huanza mazungumzo yale yale. Mtoto amefaulu masomo ya sanaa, anaomba tahasusi ya HGL au HKL, na akiulizwa anataka kuwa nani anajibu bila kusita: mwanasheria. Baba ananyamaza, kwa kuwa wakili pekee aliyewahi kumwona kwa karibu ni yule aliyekuwa upande wa pili kwenye kesi ya shamba. Mama anauliza ada. Swali la tatu ni nadra kuulizwa: waliopita njia hiyo kabla ya mtoto huyu walikuwa watu gani, walifanya nini, na waliondokaje duniani?

Katika nyumba za Wakurya si jambo geni kuwataja waliotangulia. Mtoto anaitwa Chacha, Mwita, Bhoke au Gati kwa kumkumbuka babu au bibi, kisha anasimuliwa mwenye jina alikuwa mtu wa namna gani. Kwa kazi za kisomi desturi hiyo haijashika sana. Kijana anaweza kumaliza kidato cha sita hapa Mara bila kusimuliwa habari za mwanasheria hata mmoja aliyefariki, mbali na kuona jina lake kwenye jengo au kusikia tangazo la msiba redioni. Wafuatao ni wachache wa kuanzia. Wawili ni wa mkoa huu. Wengine kwao ni mbali, lakini kazi yao ilifika mpaka Mugumu.

Darasa la Mtaa wa Lumumba

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alifungua chuo kikuu katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika ishirini. Hadi wakati huo Afrika Mashariki haikuwa na mahali pa kusomea shahada ya sheria. Makerere ilitoa madaktari na walimu, lakini aliyetaka sheria ilibidi avuke bahari. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, na kuanzia hapo majaji, mawakili na mawaziri wengi wa nchi hii wakawa na mwalimu mmoja, maktaba moja na mzaha mmoja wa darasani.

Mark Bomani ni wa kundi lililotangulia darasa hilo. Ukoo wa kina Bomani unahusishwa na Ikizu, alikozaliwa kaka yake Paul, mwanzilishi wa ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa na waziri wa serikali ya kwanza. Mark alisomea sheria London, na mwaka 1965 akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mtanzania wa kwanza mzalendo kushika kiti hicho. Alikaa hapo hadi 1976. Baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu, kisha wa Nelson Mandela, katika mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofanyika Arusha. Alifariki Septemba 2020.

Mzazi mwenye mtoto mkaidi huenda akapenda zaidi habari za Samuel Sitta wa Urambo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato ya mishahara yao ya baadaye. Mwalimu alikasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na siku hiyo hiyo mamia ya wanafunzi wakafukuzwa na kurudishwa vijijini kwa wazazi wao. Sitta alikuwemo. Hebu fikiria mzazi wa mwaka 1966, aliyekuwa akijivunia kijana wa chuo kikuu, anamwona akirudi na sanduku chini ya ulinzi. Sitta alirudi chuoni baadaye, akahitimu sheria mwaka 1971, na mwaka 2005 akawa Spika wa Bunge. Mwaka 2014 aliongoza Bunge Maalumu la Katiba. Alifariki Novemba 2016 akiwa kwenye matibabu Ujerumani.

Mkono wa Busegwe

Nimrod Mkono aliwahi kukaa jirani kabisa na wasomaji wengi wa ukurasa huu. Alizaliwa mwaka 1943, akakulia Busegwe upande wa Butiama, akasoma sheria Dar es Salaam na kuanzisha kampuni ya uwakili ya Mkono, iliyokuja kuwa miongoni mwa kubwa nchini. Kesi zake zilikuwa za mabenki, mashirika ya umma na makampuni ya nje. Katika mgogoro mrefu kati ya TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL, yeye ndiye aliyesimama upande wa TANESCO. Kazi za namna hiyo zinalipa sana, na ada ambazo kampuni yake ililipwa na taasisi za umma zilizua maswali na lawama za kisiasa. Mtu hawezi kuelezwa kwa mema yake tu, na mtoto anayesimuliwa habari za Mkono anastahili kusikia pande zote mbili.

Kuanzia mwaka 2000 alikuwa mbunge, kwanza wa Musoma Vijijini kisha wa Butiama. Ukiuliza vijijini anakumbukwa kwa nini, watu wanataja majengo ya shule. Fedha alizopata kwenye uwakili zilijenga madarasa katika vijiji ambavyo mtoto alikuwa akitembea saa nzima kwenda sekondari. Shule ya Oswald Mang'ombe aliyoijenga alikubali iwe mahali pa kuanzia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Alifariki Marekani Aprili 2023, na wako vijana waliosomea katika majengo yake ambao hawajui kwamba aliyeyajenga alikuwa wakili.

Moto wa Nyamuma

Kwa watu wa Serengeti, mfano wa kazi ya sheria unaogusa zaidi ni wa Nyamuma. Oktoba 2001 familia za eneo hilo, jirani na pori la akiba la Ikorongo, ziliondolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa, na chakula kilichokuwa ndani kiliteketea. Wazazi waliolala nje na watoto usiku ule hawakuwa na wakili, na wachache wao walikuwa wamewahi kuingia kwenye chumba cha mahakama.

Hapo ndipo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipoingia. Kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1995, na miongoni mwa walioasisi alikuwa Dkt. Sengondo Mvungi, mwana wa Mwanga, Kilimanjaro, mwalimu wa sheria Mlimani. Kituo kilipeleka malalamiko ya wanakijiji 135 kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyokuwa changa kabisa. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Jaji Robert Kisanga, aliyefariki Januari 2018. Tume ilisikiliza, na mwaka 2004 ikakubaliana na wanakijiji, ikapendekeza warudishwe na walipwe fidia. Serikali ilikataa mapendekezo hayo.

Swali likabadilika sura. Wakati huu mahakama hazikuulizwa kama nyumba zilichomwa. Ziliulizwa kama kauli ya Tume ina nguvu yoyote, au ni karatasi ya ushauri tu. Mahakama Kuu haikuwapa wanakijiji walichotaka, shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani kama rufaa namba 88 ya mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikasema mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa mahakamani. Tangu hapo mwananchi yeyote wa Tanzania anayepeleka shida yake kwenye Tume hiyo anasimama juu ya kesi iliyofunguliwa na watu wa kijiji cha wilaya ya Serengeti.

Mzazi ahesabu miaka kidogo. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake Oktoba 2001 alikuwa ameshaanza shule rufaa ile ilipofunguliwa. Sheria inakwenda polepole, na anayemwandaa mtoto kwa kazi hiyo ni vyema amwambie mapema. Kuna siku wakili anashinda hoja na mteja wake bado hana pa kulala.

Dkt. Mvungi aliendelea kufundisha, na mwaka 2005 aligombea urais kupitia NCCR-Mageuzi. Mwaka 2012 aliteuliwa kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, mwana wa Bunda na mhitimu wa sheria wa miaka ya mwanzo kabisa ya Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia Novemba 3, 2013, watu wenye mapanga walivamia nyumbani kwake pembezoni mwa Dar es Salaam. Alikimbizwa Muhimbili, kisha Johannesburg, akafariki Novemba 12. Rasimu ya pili ya Katiba aliyoshiriki kuiandika ilikabidhiwa kwa Rais Desemba 30 mwaka huo, naye akiwa hayupo.

Jaji, mwalimu na kesi moja ya miaka 20

Makamu mwenyekiti wa Tume ile ya Warioba alikuwa Augustino Ramadhani. Wazazi wanaodhani mwanasheria ni mtu wa kitu kimoja tu wamtazame huyu. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1945, akahitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akajiunga na Jeshi la Wananchi na kufika cheo cha brigedia jenerali. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, jaji wa Rufani, makamu mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010. Baadaye akawa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha. Alipiga kinanda kanisani, na uzeeni akapewa upadri wa Anglikana. Alifariki Aprili 28, 2020.

Kesi moja inamuunganisha na wengine wawili waliotangulia. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Mtanzania anaweza kugombea uongozi bila kupitia chama. Mchungaji Christopher Mtikila ndiye aliyefungua shauri. Sheria ikabadilishwa, Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu, na Serikali ikakata rufaa. Ramadhani aliketi na majaji wenzake sita. Kwa uzito wa jambo lenyewe, mahakama iliwaita wanasheria waliobobea waje kama marafiki wa mahakama, watu wasio wa upande wowote. Mmoja wao alikuwa Profesa Jwani Mwaikusa wa Mlimani.

Hukumu ilitoka Juni 17, 2010. Mahakama ya Rufani ilisema suala hilo ni la Bunge, si la majaji. Wengi walisikitika, na ubishi wake haujaisha kwenye vyuo vya sheria hadi leo. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika, ambayo Juni 2013 ilimpa ushindi. Ramadhani, akiwa jaji wa mahakama hiyo, hakuketi kwenye shauri lile kwa kuwa kanuni za mahakama hiyo hazimruhusu jaji kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake. Jambo hilo dogo linafaa kusimuliwa mezani wakati wa chakula, maana watoto wanajua vizuri maana ya mtu kuwa refa katika mechi ya timu yake mwenyewe.

Mwaikusa hakuona mwisho huo. Mbali na kufundisha, alikuwa wakili wa utetezi katika mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Arusha. Kumtetea mtu anayetuhumiwa kwa mauaji ya kimbari ni kazi ambayo majirani hawaielewi kirahisi, lakini bila mtu wa kuifanya hakuna hukumu inayoweza kuaminika. Mwaka 2008 alifanikiwa kuzuia mteja wake, Yussuf Munyakazi, asipelekwe kushtakiwa Rwanda. Kesi ilisikilizwa Arusha na kumalizika Juni 30, 2010, kwa kifungo cha miaka 25. Majuma mawili baadaye, usiku, Mwaikusa alipigwa risasi akifika nyumbani kwake Salasala, Dar es Salaam. Haikufika hata mwezi tangu hukumu ya mgombea binafsi.

Walimu wawili wa sheria, Mwaikusa na Mvungi, walivamiwa majumbani mwao katika muda wa miaka mitatu na kidogo. Mzazi akisema anaogopa, haoni vivuli. Ila wengi wa waliotajwa hapa walifariki wakiwa wazee, vitandani, wakiwa na wajukuu.

Shamba la baba na haki ya binti

Kwa muda mrefu rufaa za mkoa wa Mara zilikuwa zikienda Mahakama Kuu Mwanza. Hapo ndipo alipoketi Jaji James Mwalusanya, ambaye jina lake hutajwa na wanafunzi wa sheria kila wanaposoma haki za binadamu, na ambaye naye ametangulia. Mwaka 1990 aliamua rufaa iliyomhusu mama mmoja mzee wa mkoa wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Alipoliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani akitaka mauzo yafutwe, kwa hoja kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwanamume wa ukoo huo huo angeweza.

Mwalusanya aliitazama Katiba, ambayo ilikuwa imeingiza haki za binadamu miaka michache tu kabla, akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke namna hiyo haiwezi kusimama. Mauzo yakabaki halali. Sheria za ardhi za mwaka 1999 baadaye ziliandika wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi.

Katika nyumba za Tarime jambo hili si la vitabuni. Baba anapofariki bila wosia, kikao cha ukoo hukaa, na mara nyingi binti aliyeolewa hatajwi, huku mjane akiulizwa atabaki na nani. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 bado huletwa kwenye mashauri ya mirathi, na linampa binti sehemu ndogo. Baba anayetaka binti yake apate shamba asisubiri mabishano hayo. Aandike wosia akiwa hai, mbele ya mashahidi, kama alivyofanya yule baba wa Kagera.

Ndivyo ilivyo pia kwa ukeketaji. Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana imeufanya kuwa kosa la jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na kila msimu wa Desemba unapokaribia kuna mabinti wanaokimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Sheria hiyo iliandikwa na watu waliokaa darasani kusoma sheria, na anayempokea binti kituo cha polisi usiku anahitaji kuijua.

Njia yenyewe ikoje leo

Mtoto anayetaka sheria habanwi na tahasusi moja. Anachohitaji zaidi ni ufaulu mzuri, lugha na uvumilivu wa kusoma kurasa nyingi. Shahada ya sheria siku hizi inatolewa na vyuo vingi, na anayestahili anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo. Anayetaka kuwa wakili hupita tena katika Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza kufundisha mwaka 2008, na huko wengi hurudia mitihani. Mzazi aweke akiba kwa ajili ya hatua hiyo pia, kwani ndiyo inayosahaulika. Mtoto asiyefika huko bado anaweza kuwa msaidizi wa kisheria katika kata yake. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na vijiji vingi vya Serengeti vinawahitaji kuliko mawakili wa mjini. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, hivyo mtoto wa Nyamongo anayejieleza vizuri kwa Kiswahili hana sababu ya kujiona mnyonge.

Mtoto wa Kikurya ana faida moja ambayo haiandikwi kwenye fomu ya kujiunga. Amekaa pembeni ya ritongo, amewasikia wazee wakibishana juu ya ng'ombe au mpaka tangu asubuhi hadi jua kuzama, akajua nani alisikilizwa na kwa nini. Wahadhiri hutumia muda mwingi kufundisha jambo hilo.

Hukumu nyingi za mahakama za juu zinasomwa bure kwenye simu, katika tovuti ya TanzLII. Andika jina la jaji au neno Nyamuma, soma na mtoto kurasa tatu za kwanza, kisha muulize angeamuaje. Mwishoni mwa kila hukumu yako majina ya majaji walioiandika, na kwa za miaka ya tisini wengi wao hawapo tena.